Mbu Wameihama Chumbageni

Chumbageni, Tanga
4 Mei 2025

Kwa Shaib wa Wete, fundi wa filimbi na mdogo wangu,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na nafsi yangu peke yake, nautangazia umma wa Pemba na visiwa vyake vidogo kwamba mbu wameihama Chumbageni. Wamekwenda zao. Tangu Ramadhani iishe sijamsikia hata mmoja akininong'oneza sikioni. Sababu za kuhama hazijatolewa. Mke wangu Sabra anapinga tangazo hili, bado anajipiga makofi kitandani kama yuko ngomani, nami naamka na vipele. Lakini serikali ya nyumba hii imeamua kwamba vipele ni vya joto na makofi ni mazoea.

Baada ya habari hiyo njema, mashitaka.

Mshitakiwa ni wewe pamoja na filimbi zako. Nikukumbushe historia usije ukajitetea kwa kusahau. Mimi nilikuwa mhasibu, presha ya macho ikanipokonya macho, nikaanza kujifunza kuandika programu nikiwa na kitambi tayari. Wewe, kipofu wa kuzaliwa, hayo mambo ulikuwa unayacheza kama bao. Nikakulilia kwamba kompyuta inanisomea kila kitu ila umbo. Mwenye macho anaona mara moja mstari upi umesogezwa ndani, chini ya sharti lipi. Sisi tunatajiwa "nafasi nne, nafasi nane, nafasi kumi na mbili", mpaka mtu anasahau alichokuwa anaandika. Ndipo ukatunga zile filimbi: mstari ukiingia ndani ngazi moja, filimbi inalia, ukizidi kuingia, inalia nyembamba zaidi, ukirudi nje, inashuka. Nilikuombea dua siku ile. Nikaanza kuijua programu yangu kama ninavyozijua ngazi za nyumba yangu.

Sasa filimbi za juu zimekufa. Ya kwanza ipo, ya pili ipo, ya tatu inakohoa, ya nne hamna kabisa. Nashuku lile toleo jipya la programu ya kuandikia nililoliweka juzi. Fanya hima, yakhe, maana nina kazi ya zahanati moja ya Moa: friji lao la chanjo likipata joto, programu yangu impigie simu nesi wao, Sista Loveness. Ina masharti ndani ya masharti. Bila filimbi natembea gizani, na giza nimelizoea, lakini si la namna hii.

Kakako mpenda haki,
Tahiri


Wete, Pemba
6 Mei 2025

Kaka Tahiri, shikamoo.

Hongera kwa kuhamwa. Naona mbu wako walipanda boti wakaja kwetu, maana hapa wanaimba kwa zamu.

Nimeliweka toleo hilo hilo unalolisema, nikajaribu ngazi zote mpaka ya saba. Zinalia, kaka. Ya saba ilimtoa paka wa mama uvunguni mbio, hajarudi mpaka sasa. Tazama hedifoni zako, labda umezikalia tena. Na kwa kazi kama hiyo ya chanjo, washa kwanza yale maneno ya "nafasi nne, nafasi nane". Yanachosha lakini hayakosei.

Au ukubali hatimaye nikufundishe nukta nundu, maandishi yetu ya kupapasa. Najua utakataa. Siku ile ya semina ulipapasa neno moja robo saa nzima, kisha ukaniuliza kama ni chapati.

Mdogo wako,
Shaib


Chumbageni
9 Mei 2025

Shaib, baba wa filimbi,

Nimebadilisha hedifoni. Nimeazima za binti yangu Mwatum, ambazo naambiwa ni za rangi ya waridi na zimenipendeza sana. Filimbi ya nne bado ni marehemu. Kwako zinalia kwa kuwa wewe ndiye baba yao, na watoto wote wana adabu mbele ya baba.

Maneno siyawashi. Nikisikiliza "nafasi kumi na mbili" kutwa, usiku naota nahesabu matofali. Na nukta nundu nimekwisha sema: mtu aliyeanza upofu ukubwani ana haki ya kukataa shule moja. Masikio yangu yananitosha.

Kazi ya Moa nimeimaliza na kuituma leo. Mahali filimbi ilipokosekana niliamini kidole. Tumeijaribu pamoja kwenye simu: Sista Loveness kachomoa friji ukutani, joto likapanda, simu yake ikaita. Kapiga vigelegele peke yake zahanati nzima. Basi, filimbi tengeneza kwa nafasi yako.

Tahiri


Chumbageni
19 Mei 2025

Shaib,

Leo sina tangazo.

Friji la Moa liliharibika Ijumaa baada ya watu kufunga. Umeme ulikuwepo, ni mashine ya friji yenyewe iliyokufa. Joto likapanda Jumamosi, likapanda Jumapili, na programu yangu ikakaa kimya kama bwana harusi mbele ya mkwe. Leo asubuhi kina mama walikuwa wamekwisha kaa kwenye benchi. Sista Loveness alikuwa amekwisha kuvuta dawa kwenye sindano, mtoto wa kwanza ameshikwa mguu, ndipo akahisi kichupa hakina ubaridi kiganjani. Akaiweka sindano chini. Chanjo zote zimetupwa. Kina mama wamerudishwa, wengine walitoka mbali na watoto mgongoni.

Amenipigia. Hakufoka. Ameniuliza, "Kaka Tahiri, mbona haikuita?"

Nimeipekua mchana kutwa, na maneno nimeyawasha. Nimepata. Ule mstari wa kupiga simu umekaa ngazi moja ndani kuliko inavyotakiwa, umeangukia chini ya sharti la kukosa umeme. Friji likipata joto na umeme hakuna, simu inaita. Friji likipata joto na umeme upo, hakuna kitu. Ndiyo maana lile jaribio letu la kuchomoa lilifaulu vizuri.

Nilibonyeza kurudi nje, Shaib. Naapa nilibonyeza. Nikangoja filimbi ishuke, haikulia, nikasema ni zile mbovu za Shaib, nikaendelea. Filimbi zako! Nilikuambia mara ya kwanza, nikakuambia tena. Sikulaumu. Hapana, nakulaumu. Sista Loveness nimemwambia ni kifaa cha mtu mwingine kilichoniangusha.

Sentensi ya kukulaumu nimeifuta nikaiandika tena, na sasa naiacha.

Tahiri


Chumbageni
20 Mei 2025

Shemeji Shaib, asalaam aleikum.

Nakuandikia kwa simu ya Mwatum, na tafadhali jibu usilipeleke kwa kaka yako. Ile kompyuta yake siku hizi ameipandisha sauti, barua zake zinasomwa mpaka kwa jirani.

Shemeji, mbu hawajahama. Wapo, tena wanene.

Birika letu la filimbi linalia jikoni mpaka maji yanakauka, naye amekaa hapo hapo na kahawa yake. Mwatum akimwambia, "Baba, maji yamekatika," anajibu, "Marahaba, mwanangu." Mwanzoni tulicheka. Naye alicheka, akasema ametania. Juzi tulikuwa tunatoka dukani, bodaboda ikaja upande wake wa kulia, honi imeshikiliwa. Watu wote wakapisha. Yeye akashuka barabarani. Nilimvuta kanzu mpaka ikachanika begani. Akasema alikuwa anawaza programu. Lakini ule mkono alionishikia ulikuwa wa baridi, na hakuuachia mpaka tumeingia chumbani.

Naye anajua. Nimemkuta ameiweka redio sikio la kulia, akaihamishia la kushoto, akairudisha la kulia. Aliponihisi mlangoni akasema anatafuta stesheni. Redio ilikuwa kwenye stesheni, mtu anasoma habari.

Hospitali hataki hata itajwe. Mara ya mwisho aliingia anaona ukungu, akatoka ameambiwa hata huo ukungu hautakaa. Akisikia neno daktari anaanza mizaha, na mizaha yake mimi sasa inanitia hofu kuliko kimya. Wewe anakusikiliza. Sijui wa kumwambia mwingine.

Wako,
Sabra


Wete
22 Mei 2025

Kaka Tahiri, shikamoo.

Ulikuwa na haki. Nimelikuta kosa na ni langu, kwenye filimbi za juu, nalo hujitokeza kwa baadhi ya kompyuta tu. Ndiyo maana sikuliona kwangu. Toleo jipya nimeliambatanisha hapa.

Niwie radhi. Na Moa wape jina langu, wala usione haya.

Shaib


Chumbageni
24 Mei 2025

Shaib! Shaib bin Ame! Mfufua wafu!

Zote zimerudi, mpaka ya saba. Asubuhi nzima nimezipuliza kama mtoto aliyenunuliwa baragumu siku ya Idi. Mwatum amekimbilia kwa shangazi yake. Nimelia kidogo pia, Sabra usimwambie.

Unajua nilichokuwa nakiogopa? Hujui, na sikwambii, kwa kuwa hakipo tena. Usingizi wa jana, yakhe, nililala kama gunia.

Sista Loveness nimemweleza kwamba fundi amekiri. Amekutumia salamu, kavu kidogo, lakini ni salamu. Programu yao nitairekebisha wiki hii.

Kakako aliyezaliwa upya,
Tahiri


Chumbageni
1 Juni 2025

Shaib,

Jana nilifungua faili lako nione kosa lilikuwa wapi, nipate la kukutania. Nimelilinganisha na la zamani mstari kwa mstari. Hukuondoa kosa lolote. Umeshusha sauti ya kila filimbi, basi. Tarakimu tu. Ya nne ya sasa ni nene kuliko ya pili ya zamani.

Nani kakwambia?

Tahiri


Wete
3 Juni 2025

Kaka,

Walioniambia ni mbu wako, katika barua yako mwenyewe. Mengine usiniulize.

Nilikudanganya kwa sababu niliogopa, na sikuogopa kwa ajili yako peke yako. Nilipofahamu, nilijaza pamba masikioni, nikafunga kitambaa juu yake, nikasema nami nijaribu kufanya kazi hivyo. Mstari wa pili tu sikujua kama kompyuta inasema au imezima. Nikainuka niende jikoni kwa mama. Nyumba niliyozaliwa, kaka! Wewe unajua ukuta unavyosikika ukiukaribia, ile sauti inavyokujia usoni. Haukuwepo. Mlango haukuwepo. Nikakaa chini katikati ya chumba, nikashika sakafu kwa mikono miwili, mpaka mama akanigusa bega nikapiga yowe. Mama alicheka. Mimi niliitoa ile pamba nikaitupa shimoni, na tangu hapo kila nikiamka sifungui kinywa kwanza, nasikiliza kama bado nasikia.

Kushusha filimbi ni kama kuhamisha kitanda paa linapovuja. Pakivuja na kule utahamia wapi? Nenda kapimwe. Nenda na shemeji.

Jirani yangu Abass anakuja Tanga na boti ya Jumanne. Nimempa kibao changu cha nukta nundu, kile kidogo cha kuunga na kompyuta: vijipini vinainuka chini ya vidole na kukuandikia mstari ulipo. Mimi nina kingine kikuukuu, nyamaza. Ujifunze sasa masikio yangali na wewe, maana kujifunza baada ya hapo sijui mtu hufundishwaje.

Na Moa waache waamini ni mimi. Wao hawanijui.

Shaib


Chumbageni
29 Juni 2025

Mdogo wangu Shaib,

Nimechelewa kukujibu kwa kuwa kila habari nilikuwa naitafutia mzaha kwanza. Mizaha haikutosha. Basi sikiliza mambo yalivyokuwa.

Mbu hawakuhama, na siku nilipotangaza nilikuwa najua. Nilianza kuwakosa katikati ya Ramadhani. Ikafika mahali nikautoa mkono nje ya chandarua makusudi, nikalala nikimngoja mmoja aje aimbe. Kulipokucha mkono umejaa vipele na sikio halijapokea kitu. Nikajua. Nikashikwa na hofu ya kitoto, ya kutaka kujificha chini ya shuka, na badala ya shuka nikakuandikia wewe barua ya kuchekesha.

Filimbi zako nilijua ni nzima tangu uliponitajia yule paka. Zile hedifoni za Mwatum sikuziazima tu. Nilimvalisha mwenyewe, nikapiga filimbi ya nne, nikamwuliza, "Unasikia?" Akasema, "Baba, inatoboa!" Nikamshukuru, nikamtuma dukani, na mchana ule ule nikaituma programu ya Moa. Ningeweza kuyawasha yale maneno. Ni kubonyeza mara moja. Sikuyawasha kwa sababu ingekuwa kukiri, hata kama ni mbele ya kompyuta. Mtoto wa watu alishikwa mguu kwa ajili ya hilo, Shaib. Si kwa ajili ya filimbi.

Uliponidanganya nilikuamini, tena kwa moyo wote, mtu niliyekuwa najua kweli. Zilikuwa siku tamu. Sikulaumu, na safari hii sifuti.

Hospitali nimekwenda. Sabra alinishika mkono kama siku ya bodaboda, nami najua ni nani aliyekuandikia. Shemeji yako hajui kuficha, amekiri kabla sijamaliza swali. Waliniingiza kachumba kadogo, nikapewa kitufe, nikaambiwa nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilibonyeza hata pasipo mlio, nikidhani nitamzidi akili daktari. Akaniambia kwa upole, "Mzee, hapo sikuwa nimepiga kitu," akaanza upya. Sauti za juu sikio la kulia zimekwisha. La kushoto linafuata nyuma. Zilizoondoka hazirudi. Kuna vifaa vya kuvaa, vitasaidia kiasi, nitawekewa. Nikamwuliza itaendelea mpaka wapi. Akasema hajui, nitapimwa tena, tutaona. Yeye ndiye alisema "tutaona", mimi nikacheka, Sabra akalia.

Moa nimekwenda mwenyewe, sikutaka kwa simu. Nilimweleza Sista Loveness yote, na mambo ya masikio pia.

"Kwa hiyo yule fundi wa Pemba hana kosa?"

"Hana."

"Na zile salamu zangu?"

"Nitamwambia azirudishe."

Kisha akanyamaza. Au alisema jambo akiwa upande wa kulia, sijui. Nilibaki nimesimama na tabasamu la kijinga nikingoja. Ndivyo nitakavyokuwa sasa, yakhe, natabasamu kwa ukuta. Sabra akaniminya mkono, nikageuka, nikamsikia akisema kazi haniondolei, lakini kuna sharti. Hatujaribu tena kwa kuchomoa tu. Friji likiwa na umeme wake, ataweka chupa ya maji ya moto karibu na kipimo, nami nikae hapo hapo mpaka simu iite. Na kabla ya hapo nimsomee programu yote, mstari kwa mstari, kila mmoja uko ngazi ya ngapi.

Nimemsomea juzi. Kwa vidole.

Kibao chako kilifika, Abass akakataa hata chai. Mwanzo nilikichukia. Mwatum alizijua herufi kwa macho kabla mimi sijaimaliza alifu yangu, akawa ananitahini kama ustadhi wa chuoni, na mwiko mkononi. Bado nakwenda mwendo wa kobe, na bado maneno mengine nayaona chapati. Lakini iko siku nilipeleka mstari wa kupiga simu kwenye kibao, na mwanzoni sikukuta kitu. Vijipini vyote vimelala. Nikadhani kimeharibika. Nikausogeza mkono: tupu, tupu, tupu, halafu herufi zikainuka. Kumbe ule utupu ndio ngazi yenyewe. Wala hakuna aliyenitajia nafasi, wala hakuna aliyenipigia filimbi. Nikapapasa mstari wa juu yake, nikarudi, nikapapasa tena. Imelingana. Maji ya moto yalipowekwa, simu iliita, hiyo nilisikia, na Sista Loveness hakupiga vigelegele safari hii. Alinishika tu bega, la kushoto.

Hofu haijaniondoka, nisikudanganye zaidi. Nikiamka nami nafanya kama wewe, sifungui kinywa, nasikiliza: kuna jogoo wa jirani, kuna ufagio wa Sabra uani, nahesabu waliopo. Ufagio siku nyingine siupati mpaka nigeuze kichwa.

Sasa hivi, ninapokuandikia, mbu amenitua juu ya kidole, hapo hapo kwenye kibao chako. Sikumsikia akija. Miguu yake ni myepesi kuliko vijipini, lakini nimemjua. Sabra anasema nimpige. Nimemwambia angoje kidogo, namsoma.

Kakako,
Tahiri